Balungi, Chumvi na Neno "Uchungu"

Katika vitabu vingi vya kufundishia Kiswahili maneno ya ladha hupewa ukurasa mmoja tu, na aghalabu ukurasa huo haumkawizi mwalimu. Sukari ni tamu. Dawa ni chungu. Pilipili ni kali. Mwanafunzi hunakili, hutunga sentensi zake tatu au nne, kisha darasa huendelea na rangi au viungo vya mwili. Utaratibu huu hauna ubaya. Mjini Lilongwe, ambako wanafunzi wetu wengi ni watu wa ofisi na wafanyabiashara wanaotaka lugha ya kuwafikisha Dar es Salaam na kuwarudisha, umetufaa sana. Lakini kule Dzaleka ukurasa huo ulikaa nasi darasani kwa wiki tatu, na ndiyo habari tunayopenda kuwaeleza walimu wenzetu.

Kwa wasiopajua, Dzaleka ni makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Msafiri hufuata barabara kuu ya kaskazini, hupita Lumbadzi tunakokaa, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kamuzu, kisha huelekea upande wa Dowa. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, na jina lenyewe kwa Kichewa ni ahadi ya mtu aliyeadhibiwa kwamba ataacha, hatarudia tena. Yalikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa yana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tangu mwaka 2023, serikali ilipowaagiza wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini na vijijini warejee huko, watu wameongezeka na madarasa nayo yameongezeka. Kiswahili husikika sokoni tangu asubuhi hadi usiku, lakini ni Kiswahili cha kila namna, na wengi huja kwetu wakitafuta kile wanachokiita Kiswahili cha kuandikwa.

Basi jioni moja tuliandika ubaoni neno "uchungu" tukawataka wanafunzi wetu, watu wazima kumi na saba, kila mmoja atunge sentensi moja. Tulipozikusanya karatasi hatukukuta dawa hata moja, wala mwarobaini, wala jani la muhogo lisilopikwa vizuri. Mmoja aliandika kwamba ana uchungu wa mtoto wake aliyebaki. Mwingine aliandika kwamba mama yake alishikwa na uchungu njiani, wakamzalisha chini ya mti. Kijana wa Fizi aliandika: "Uchungu wa nyumba yetu hauishi." Sentensi zote zilikuwa sahihi. Hapakuwa na upatanisho uliokosewa, hapakuwa na neno lililotumiwa mahali pasipo pake. Kalamu nyekundu ilibaki mfukoni.

Lugha yetu ndiyo iliyowaruhusu kufanya hivyo. Uchungu ni ladha, ni maumivu, ni huzuni, ni hasira iliyokaa muda mrefu, na ni utungu wa mwanamke anayejifungua. Kichewa nacho kina tabia hiyo hiyo: kitenzi *kuwawa* hutumika kwa kitu kilicho kichungu mdomoni na pia kwa kiungo cha mwili kinachouma. Hapana shaka binadamu wengi wameuona udugu uliopo kati ya ulimi na moyo. Hata hivyo lilitusumbua jambo moja. Watu kumi na saba walikuwa wamepewa neno lenye nyumba yenye vyumba vitano, na wote wameingia chumba kimoja au viwili wakafunga mlango. Mwalimu wa lugha hana uwezo wa kumwondolea mtu msiba wake, wala si kazi yake. Lakini kumwonyesha kwamba neno lile bado lina chumba kingine, ambamo mtu aweza kukaa, akaonja kitu, akakunja uso, na kucheka, hiyo tuliiona ni kazi yetu hasa.

Njia tuliipata nyumbani, wala si katika kitabu. Mwanafunzi wetu mmoja wa Lilongwe, bwana mwenye kupenda karamu, hufika kwetu Lumbadzi kila Jumamosi kwa somo la faragha. Wakati huo tulikuwa katika namna ya kuamrisha: kata, kamua, mimina, usimwage. Alileta chupa ya tekila aliyozawadiwa na mgeni, akasema, "Mwalimu, leo naomba unifundishe amri kwa kitu hiki." Alikuwa amesikia kwamba huko Meksiko watu huchanganya kileo hicho na maji ya balungi, ndimu na chumvi, na kwamba mchanganyiko huo huitwa kwa Kispania *Paloma*, yaani njiwa. Alitaka tuutengeneze pamoja, na kila tendo alitamke kwa Kiswahili kabla mkono haujaenda. Tulikubali, na tunakiri kwamba tuliyapenda masomo hayo mawili matatu kuliko mengi tuliyofundisha mwaka ule.

Kwanza ilitubidi tumweleze kilichomo chupani, na hapo tulijikuta tunazungumza habari za Tanga. Tekila hutengenezwa kwa mmea ulio ndugu wa mkonge. Mkonge wetu wa kamba na magunia ulitoka upande ule ule wa dunia: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, mingi ikafa njiani, ikasalia 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo michache Tanganyika ilifika mahali pa kuongoza dunia, na mwaka 1964 zaidi ya tani 200,000 za katani zilizalishwa. Ndugu yake wa Meksiko, mwenye majani ya rangi ya buluu, hulimwa hasa katika jimbo la Jalisco, ambako uko mji wa Tequila wenyewe. Tangu mwaka 1974 serikali ya Meksiko imelilinda jina hilo, hata asiwepo mtu wa nchi nyingine wa kulibandika katika chupa yake. Tofauti iliyotufurahisha ni hii: sisi hutwaa jani la mkonge tukakiacha kiini, wao huyakata majani wakayatupa, wakakitwaa kiini, ambacho kwa umbo hufanana na nanasi kubwa, na nanasi ndilo jina wanalokiita. Hukioka, hukiponda, hukamua maji yake matamu, huyachachusha, kisha huyatonesha. Mmea hungoja miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuvunwa. Mwanafunzi wetu aliposikia neno "mkonge" alishtuka kidogo, akasema kwao ni *khonje*. Tulimwachia afurahi na ugunduzi wake kwa dakika kadhaa kabla ya kumrudisha kwenye amri.

Matunda nayo yalitaka mazungumzo yake. Katika lugha ya pwani familia hii ina majina mengi na mazuri: chungwa, chenza, kangaja, ndimu, limau, balungi, furungu, na danzi, lile chungwa kali lenye uchungu ambalo watoto hulikwepa. Malawi huita chungwa *lalanje*, neno walilolipata kwa Wareno, na ndimu ni ndimu kwa wote, tangu Lamu hadi Lilongwe. Machungwa mengi yanayouzwa hapa hutoka Mwanza. Na mwanafunzi atokaye Tanzania hudhani ni Mwanza ya ziwani, kumbe ni wilaya ya kusini mwa Malawi, mpakani na Msumbiji. Yapo pia mabalungi katika miezi ya baridi, na hayo ndiyo tuliyoyatumia. Hapa tuweke neno la tahadhari kwa walimu. Wanafunzi hupenda kusema kwamba "chungwa" limetokana na "chungu". Ni kisa kitamu, lakini kufanana kwa sauti si ushahidi, na chungu cha kupikia, chungu wa ardhini na chungu nzima ya mahindi nao wangedai urithi.

Sasa tuingie katika kutengeneza. Kwa bilauri moja tulikata balungi kubwa nusu kwa nusu, tukakamua nusu yake kwa mkono. Ilitoa kiasi cha mililita 100. Tulichuja kwa chujio la chai. Uchungu wa balungi umo zaidi katika ile ngozi nyeupe ya ndani, wala si katika nyama ya tunda, hivyo mwenye kukamua kwa nguvu nyingi huongeza uchungu bila kujua, na mwenye kuutaka huweza kuuongeza kwa makusudi. Huu ni ujuzi mdogo lakini ndio msingi wa jambo lote: uchungu wa kinywaji hiki una kipimo, na kipimo kiko katika kiganja. Ndimu moja ndogo ilitupa kijiko kimoja cha chakula. Shira tuliipika mapema: kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, mpaka sukari iyeyuke yote, kisha ikaachwa ipoe. Kijiko kimoja cha shira kilitosha. Tekila ilikuwa vijiko vitatu, yaani mililita 45, wala hatukuzidisha, maana somo lilikuwa halijaisha.

Vitenzi ndivyo vilivyotuchukua muda. Kukoroga si kutikisa. Anayekoroga hutia kijiko akakizungusha. Anayetikisa hufunga chombo akakirusharusha chote. Kusukasuka ni jambo la tatu, nalo mtu aliyewahi kuona maziwa yakisukwa katika kibuyu haitaji maelezo. Kuvuruga ni kukoroga kwa mtu asiye na adabu. Sisi tulitia vitu vyote pamoja na barafu katika chupa pana ya jamu, tukafunga kifuniko, na mwanafunzi akatikisa huku akihesabu kwa Kiswahili hadi ishirini. Kisha "chuja", "mimina", "ongeza barafu", "jaza kwa soda". Mwisho alimenya ukanda mwembamba wa ganda, akauminya juu ya bilauri ili mafuta yake yaruke. Harufu ikajaa chumba. Alitafuta neno la kile kirukacho, nasi tukampa "rasharasha", ambalo ni la mvua, lakini hapo lilikaa vizuri.

Tulikuwa tumeisahau chumvi kwa makusudi. Tulimtaka aonje kwanza bila chumvi, aseme. Akasema: "Kichungu." Kisha tukatia chumvi kidogo sana, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, tukamtaka aonje tena. Uso wake ulibadilika. Sukari haikuongezwa, lakini utamu ulijitokeza na uchungu ukarudi nyuma. Wataalamu wa ladha wameeleza kwamba chumvi hupunguza nguvu ya uchungu ulimini. Watoto wetu wa pwani walikuwa wakilijua hilo bila mtaalamu, wakila embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Wenye mahoteli hupaka chumvi katika mdomo wa bilauri kwa kuilowesha kwa ndimu na kuigeuza juu ya sahani. Ni pambo zuri, ila sisi twaona chumvi iliyomo ndani hufanya kazi bora kuliko ile ya mdomoni, ambayo humchoma mnywaji kabla hajapata alichokusudia.

Akauliza tuiite ladha hiyo kwa neno gani. Waingereza wana neno moja lenye uchungu mbele na utamu nyuma. Sisi husema "tamu-chungu", na mpangilio huo tumeusikia kwa wengi: utamu hutangulia. Hatukulazimisha jibu. Kwa kinywaji chenyewe tulipenda "mseto", neno ambalo limekwisha zoea kubeba mchanganyiko wa nafaka na kunde katika chungu kimoja, ingawa twajua wengine watasema "kokteli" na hawatakamatwa kwa hilo.

Twarudi Dzaleka. Kupeleka tekila darasani hakukuwa na mjadala. Darasa lilikuwa na Waislamu, na Wapentekoste ambao hawataki hata kuisikia harufu yake, na katika makazi yale kileo kina historia ambayo si ya mchezo. Kila nchi yetu ina moto wake wa magendo: hapa *kachasu*, Kongo *lutuku*, Tanzania gongo, Kenya chang'aa. Pombe hizo hazina kipimo, nyingine hutiwa vitu vya kuua, na mwalimu mwenye busara haanzishi mzaha juu yake. Tulichopeleka ni mabalungi matano, ndimu, shira katika chupa, chumvi, na chupa tatu za soda ya toniki.

Toniki ndiyo iliyofungua vinywa. Uchungu wake ni wa kwinini, na darasani palikuwa na watu wa Bukavu. Huko Kivu miti ya kwinini imelimwa tangu siku za Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kinajulikana kwa kutengeneza dawa hiyo kutoka magome yake. Mzee mmoja alionja akaweka kikombe chini, akasema, "Mwalimu, hii ni harufu ya barabara ya kwetu." Ilitubidi tueleze haraka kwamba kwinini iliyomo katika soda ni kidogo mno: kanuni za Marekani haziruhusu zaidi ya miligramu 83 katika lita, ilhali mgonjwa mzima wa malaria hupewa miligramu 600 kwa mara moja. Asije mtu akaacha kwenda zahanati kwa kutegemea soda. Tukaongeza na jambo la pili: balungi halipatani na dawa fulani za shinikizo la damu na za mafuta katika damu, hivyo mwenye kumeza dawa hizo amwulize mganga wake kwanza. Mama mmoja alisukuma kikombe chake pembeni, akapewa ndimu na shira peke yake.

Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi hotelini alituuliza habari ya ule mchanganyiko unaopendwa hapa Malawi, wa soda ya tangawizi, soda ya limau na matone ya Angostura, ambao wengi huuhesabu kuwa si kileo. Tulimjibu kwamba matone yale, ambayo daktari Johann Siegert aliyabuni mwaka 1824 katika mji wa Venezuela uliokuwa ukiitwa Angostura, yana kileo cha karibu asilimia 45. Ni matone machache, lakini mwenye dini yake ana haki ya kujua, na anayekaribisha wageni ana wajibu wa kusema. Waislamu wawili walitazamana. Tulihisi kwamba kuna karamu moja iliyokuwa ikikumbukwa.

Kisha tukafanya kama tulivyofanya Lumbadzi. Onjeni bila chumvi. Andikeni. Tieni chumvi. Onjeni tena. Andikeni. Kelele zilikuwa nyingi hata mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Mwanamke kutoka Bujumbura alidai kwamba kikombe chake hakikutiwa shira, na tulipomwongezea akasema sasa kimeharibika, kimekuwa cha watoto. Vijana wawili wa Ethiopia, ambao hadi siku ile walikuwa wakiandika tu bila kusema, walibishana kwa Kiswahili kama balungi lina ukakasi au uchungu. Mmoja alishikilia kwamba ukakasi ni wa ndizi mbichi na hukausha ulimi, wala balungi halikaushi. Alikuwa na haki, tukamwambia hivyo mbele ya wote.

Karatasi za jioni ile tunazo hata leo. "Uchungu wa balungi umo katika ngozi yake nyeupe." "Shira imeuzidi uchungu." "Uchungu huu ni mzuri." Hiyo ya mwisho ilizua ubishi, maana mwenzake alisema haiwezekani uchungu ukawa mzuri, hiyo si Kiswahili. Tuliiacha. Kijana wa Fizi aliandika sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya toniki. Ya pili ilikuwa ile ile ya wiki mbili nyuma, ya nyumba yao, neno kwa neno, nayo tukaiwekea alama ya sahihi.

Wiki iliyofuata mama wa Uvira, ambaye huuza ndimu karibu na stendi ya baiskeli, alituuliza kama chumvi ile yaweza kutiwa pia katika maji ya mwarobaini anayowanywesha wajukuu. Tulimwambia ajaribu. Alirudi na jibu lake siku ya Alhamisi: uchungu hupungua kidogo, lakini mwarobaini una kiburi kuliko balungi, na chumvi inayohitajika yatosha kupikia samaki.